Re: Wanasema watachimba pembeni tu, je mti utapona?

Ndugu, umeuliza kama mti mkongwe wa mtaani kwenu utapona iwapo mjenzi hatagusa shina ila atachimba pembeni tu. Hapo pembeni ndipo penye uhai wake! Mizizi mingi inayofyonza maji iko ndani ya sentimita 60 za juu za udongo, na hutambaa mbali kupita kivuli.

Kujua umbali wa kuacha kutoka kwenye shina, chukua utepe, pima mzunguko wa shina kwenye kimo cha mita 1.5, gawanya kwa 3.14, kisha zidisha kwa 12. Shina lenye mzunguko wa mita 3 linahitaji karibu mita 11.5 kila upande pasiguswe. Hata lori lisiegeshwe hapo, maana udongo ukishindiliwa mizizi hukosa hewa, na mti hukauka taratibu, pengine miaka kadhaa baada ya mafundi kuondoka. Inauma sana kuona hivyo.

Pelekeni vipimo na picha kwa wanaotoa kibali kabla hakijatoka. Msidai mradi ufutwe, ombeni ramani isogezwe. Mugumo (mtini mkubwa) wa barabara ya Waiyaki Way, Nairobi, ulinusurika mwaka 2020 na barabara ya juu ikajengwa.