Tanki lina oksijeni, wodi hazipati presha: kasoro iko wapi?

Swali: Mimi ni fundi wa hospitali yenye tanki la oksijeni ya kimiminika la lita 3,000. Usiku presha ya wodini hushuka kutoka baa 4 hadi 3 na kengele hulia, ilhali geji inaonyesha tanki bado lina asilimia 55. Bomba la kutoka tankini limeshika barafu. Je, geji ni mbovu? Na mbona siku za wagonjwa wachache presha ya tanki hupanda yenyewe hadi vali ya usalama ikapuliza?

Jibu: Ndugu fundi, yaelekea geji yako ni nzima. Inakuonyesha kiasi kilichomo tu. Haikuonyeshi oksijeni hiyo inaweza kugeuka gesi kwa kasi gani, na dalili ulizotaja zinaelekeza huko.

Katika presha ya kawaida ya hewa, oksijeni huchemka ikiwa kwenye nyuzi 183 chini ya sifuri. Lita moja ya kimiminika hutoa takriban lita 860 za gesi, lakini lazima kwanza ipate joto. Joto hilo hutoka kwenye hewa inayopita kwenye kivukizi, yaani yale mabomba ya alumini yenye mapezi yaliyosimama kando ya tanki. Unyevu wa hewa huganda juu ya mapezi, na kadiri barafu inavyonenepa ndivyo joto linavyopenya kwa shida. Ndiyo maana uwezo wa kivukizi hutajwa pamoja na idadi ya saa za kufanya kazi mfululizo. Zikipita hizo, uwezo hushuka. Usiku hewa ni baridi zaidi, na kwa kivukizi kilichobanwa na kuta hali huwa mbaya zaidi kwa sababu hewa baridi hubaki papo hapo.

Sasa piga hesabu. Wagonjwa 25 wa barakoa wakitumia lita 10 kwa dakika kila mmoja ni lita 250 kwa dakika, sawa na mita za ujazo 15 kwa saa. Ongeza wagonjwa 15 wa mipira ya puani ya mtiririko mkubwa, kila mmoja akivuta lita 50 za oksijeni kwa dakika: hiyo ni mita za ujazo 45 zaidi. Jumla imefika 60, mara nne ya mwanzo, na tanki ni lilelile. Linganisha jumla yako na uwezo ulioandikwa kwenye kibao cha kivukizi kabla hujagusa kitu kingine.

Kisha, kengele inapolia (si asubuhi yake, wakati matumizi yameshashuka), soma presha mahali patatu: kwenye tanki, baada ya vali za kupunguza presha, na wodini. Matanki mengi hufanya kazi karibu na baa 10. Thamani ya lako iko kwenye nyaraka zake. Ikiwa presha ya tanki nayo imeanguka, angalia koili ya kujenga presha, ile inayochota kimiminika chini ya tanki, kukigeuza gesi na kuirudisha juu. Huenda imeganda, au vali yake imefungwa. Tanki likiwa sawa lakini presha baada ya vali za kupunguza imeshuka, kasoro iko kwenye kivukizi au vali hizo. Zote mbili zikiwa sawa na wodi peke yake ina shida, tafuta vali iliyofunguliwa nusu au bomba jembamba. Mtiririko ukizidi mara mbili, presha inayopotea bombani huzidi karibu mara nne.

Barafu kwenye mapezi ni ya kawaida. Iliyovuka kivukizi na kulifuata bomba hadi kwenye vali za kupunguza presha ndiyo ya kuogopa: gesi inapita ikiwa baridi mno, raba za vali hukakamaa na kuvuja, na chuma cha kawaida huwa chepesi kuvunjika. Hamishia matumizi kwenye kivukizi cha pili, kisha yeyusha barafu kwa maji safi ya bomba. Usigonge kwa nyundo, usitumie moto, na usipeleke grisi wala mafuta karibu. Penye oksijeni nyingi mafuta huwaka kwa urahisi wa kutisha.

Kuhusu presha kupanda: joto kidogo hupenya tankini muda wote, hata kama ombwe (nafasi iliyonyonywa hewa) kati ya kuta zake mbili ni zima. Matumizi yakiwa madogo, gesi hujikusanya juu. Vali ya kubana matumizi hutakiwa kuitoa gesi hiyo kwanza kabla ya kimiminika, kwa hiyo hakikisha imerekebishwa vizuri. Vali ya usalama kupuliza siku ya utulivu si hitilafu, na kamwe usiizibe. Lakini presha ikipanda hata siku za matumizi ya kawaida, na ukuta wa nje ukatoa jasho au kuganda, ombwe limepotea. Mwite msambazaji siku hiyohiyo.

Usiitegemee sana ile asilimia 55. Ni lita 1,650, karibu mita za ujazo 1,420 za gesi. Kwa mita 15 kwa saa zinafika takriban siku nne. Kwa 60, haziishi saa 24. Mitungi ya akiba nayo ihesabiwe hivyo: kumi yenye lita 6,800 kila mmoja ni mita za ujazo 68, zaidi kidogo ya saa moja. Presha inaposhuka usiku, mitungi hiyo huenda inafunguka yenyewe na kuisha pasipo mtu kujua, basi soma geji zake kila zamu, na uanze leo.