Kurusha droni karibu na njia ya ndege: rubani hakuoni, kazi ya kumpisha ni yako

Mleta uzi anasema ana droni ya karibu kilo moja na anataka kwenda kwenye shamba lililo karibu na uwanja wa ndege, apige video ya ndege zikishuka kutua. Ameuliza: kidude kama hicho kitaifanya nini ndege ya tani sitini? Na je, akibaki chini ya mita 120, ambacho ndicho kikomo katika nchi nyingi, si atakuwa salama?

Wachangiaji wawili watatu wamemwambia asiwe na wasiwasi. Mimi narusha droni miaka mingi sasa, za kununua na za kuunda mwenyewe, na naomba nipingane nao kwa nguvu zote.

Ni kweli ndege zinagonga kunguru na mwewe mara kwa mara na abiria wanashuka salama, pengine bila hata kujua. Lakini kunguru ni nyama, maji na mifupa yenye uwazi ndani. Fungua droni uone: mota za chuma zilizozungushiwa waya wa shaba, kamera, na betri ya lithiamu iliyoshindiliwa sehemu moja. Mwaka 2017 kundi la vyuo vikuu liitwalo ASSURE, linalofanya utafiti kwa ajili ya FAA, mamlaka ya anga ya Marekani, lilitoa matokeo yake: kwa uzito ule ule na kasi ile ile, droni inaleta madhara makubwa kuliko kiumbe mwenye manyoya, kwa sababu ya hivyo vipande vigumu. Mwaka uliofuata watafiti wa Chuo Kikuu cha Dayton walifyatua droni aina ya Phantom 2 kwenye bawa la ndege ndogo, Mooney M20, kwa kasi ya maili 238 kwa saa, yaani kama kilomita 383. Droni ilitoboa ukingo wa mbele wa bawa, ikazama ndani na kuumiza mhimili wake. DJI, kampuni inayotengeneza Phantom, walilalamika kwamba kasi hiyo imezidi hali halisi. Kwa ndege ndogo kama Mooney, hoja yao ina uzito. Kwa jeti inanishinda kuikubali, maana jeti inakuja kutua kwa takriban kilomita 260 kwa saa, na kabla ya kufikia hapo ilikuwa inakimbia zaidi.

Hilo la kasi watu hulisahau. Unaweza kuwa umeiegesha droni hewani, haisogei hata hatua moja, na bado ikagongwa kwa kishindo kile kile. Kasi yote inaletwa na ndege. Kioo cha mbele cha ndege kubwa ya abiria hupimwa kwa kugongwa na mzoga wa kiumbe mwenye manyoya, wa kilo 1.8. Hakijapimwa kwa betri na mota.

Na si mambo ya maabara tu. Oktoba 2017 ndege ndogo ya Skyjet ikiwa na watu wanane iligongwa na droni bawani ikikaribia kutua Québec, Kanada. Ilitua salama. Wiki chache kabla, Septemba 2017, helikopta ya jeshi la Marekani, Black Hawk, iligongana na Phantom 4 karibu na New York. Hiyo ya New York ndiyo ningependa kila mwenye droni aijue. Wachunguzi walikuta kipande cha droni kimekwama kwenye helikopta, na namba iliyokuwa kwenye mota ndiyo iliyowapeleka kwa mwenyewe. Yule bwana alikuwa ameituma droni yake kama kilomita 4 kutoka alipokuwa amesimama, anaifuata kwenye skrini tu. Hakujua kabisa kwamba imegonga kitu mpaka alipotafutwa. Alidhani imepotea.

Januari 2025 ikatokea tena, Los Angeles. Droni ya burudani ilitoboa bawa la ndege ya kuzima moto aina ya CL-415, tundu la kama sentimita 8 kwa 15. Mrushaji alikuwa ameipeleka zaidi ya kilomita 2 na nusu, akapoteza kuiona. Ndege ikakaa chini siku kadhaa kwa matengenezo huku nyumba za watu zinaungua. Nikiliwaza hilo bado napandwa na hasira.

Umeona kinachofanana? Matukio haya mawili ya Marekani hayakusababishwa na mtu aliyekusudia kugonga ndege. Ni mtu ambaye droni yake ilikuwa imeshatoka machoni pake.

Sasa mita 120. Ndege za abiria kwa kawaida hushuka kwa pembe ya nyuzi 3. Piga hesabu mwenyewe: ikibakiza kilomita 5 kufika inapogusa lami, iko kimo cha mita 260 hivi. Ikibakiza kilomita 2.3, iko mita 120. Kutoka hapo kwenda mbele, wewe uliye "chini ya kikomo" na ndege yenye watu 150 mnagombea hewa ile ile. Ndiyo maana nchi huweka maeneo ya marufuku kuzunguka viwanja, mbali na kile kikomo cha kimo, na hilo shamba lako karibu lazima limo.

Halafu ile namba kwenye skrini inapimwa kutoka uliporukia, haipimwi kutoka ardhi iliyo chini ya droni. Simama juu ya kilima, ipeleke droni juu ya bonde: skrini inasema 100, kumbe ardhi iko mita 250 chini. Helikopta hupenda kupita kwenye mabonde.

Niliwahi kuwa kwenye ukingo wa bonde kama hilo nikipiga video ya mto. Nikasikia mngurumo wa helikopta, lakini mwangwi ulikuwa unarudi kutoka pande zote, sikuweza kujua inatoka wapi. Sikusubiri kuiona. Nikavuta kijiti cha rimoti mpaka mwisho, droni ikaanza kushuka. Na hapo ndipo unapojua jinsi droni inavyoshuka taratibu! Nyingi hushuka mita 3 hadi 5 kwa sekunde. Kutoka mita 100 hiyo ni sekunde 20 mpaka 30 na ushee. Helikopta ilitokea nyuma ya kilima, chini kuliko nilivyotarajia, ikapita mahali ambapo droni ilikuwa imening'inia muda mfupi uliopita. Kwa mwendo wa helikopta, sekunde 25 ni zaidi ya kilomita moja. Ukianza kushusha baada ya kuiona, umechelewa. Unashusha ukisikia.

Na tafadhali sana, usibonyeze kitufe cha kurudi nyumbani wakati huo. Droni nyingi zikibonyezwa hicho hupanda kwanza hadi kimo ulichokiweka kwenye mipangilio, ndipo zinarudi. Yaani unampandishia rubani kitu usoni. Hivyo hivyo mawimbi yakikatika: inapanda yenyewe.

Kuna anayesema rubani ataikwepa. Hawezi. Kitu cha sentimita 35, rangi ya kijivu, kwenye anga la kijivu? Hata akikiona kikiwa mita 500, ana sekunde 7, na kitu mnachoelekea kugongana nacho hakisogei kwenye kioo, kinakaa pale pale na kukua tu, kwa hiyo jicho halishtuki. Na wakati huo anakagua magurudumu, anaongea na mnara, anatazama njia ya kutulia.

Programu nayo usiiachie akili. DJI waliondoa kizuizi kilichokuwa kinazuia droni zao kuruka karibu na viwanja vya ndege huko Marekani Januari 2025, wakaacha onyo tu. Zile droni zinazokuonyesha ndege zilizo jirani huonyesha zile zinazotangaza mahali zilipo. Isiyotangaza haipo kwenye skrini yako. Masikio yako yanaisikia. Ukivaa miwani ya kurushia, ile inayokuonyesha picha ya kamera ya droni tu, weka mtu pembeni wa kutazama anga, maana wewe huoni kitu.

Kwa hiyo mleta uzi, hilo shamba liache, isipokuwa umepata kibali cha maandishi kutoka mamlaka ya anga na mnara unajua upo. Video za ndege zikitua zinapendeza sana kwa kamera yenye lenzi ndefu ukiwa ardhini, nimezipiga nyingi. Kwingine, kaa umbali ambao unaiona droni yenyewe na unajua imeelekea wapi bila kutazama skrini. Andika hapa ni modeli gani unayo, nikuelekeze wapi pa kubadilisha kimo cha kurudi nyumbani.