Kongamano la Kazi Zanzibar, na Familia Nayo Ije

Barua tatu kati ya zile tulizozipokea zinahusu jambo moja: mtu anatumwa na mwajiri wake kwenda kwenye mkutano Zanzibar, naye anatamani mwenzi wake na watoto wakione kisiwa hicho. Tumezijibu kwa pamoja, ya kwanza kwa urefu zaidi kwa kuwa ndiyo inayogusa mambo mengi.

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi ni mtumishi wa umma hapa Dodoma. Mwezi Juni nitahudhuria kongamano la siku tatu mjini Zanzibar, kuanzia Jumatano hadi Ijumaa, na mwajiri atanilipia nauli na posho ya kujikimu. Mume wangu na watoto wetu wawili, mmoja wa miaka mitano na mwingine wa miaka tisa, hawajawahi kuvuka bahari, na shule zitakuwa zimefungwa. Nawaza twende sote tangu siku ya kwanza, tupange hoteli ya ufukweni huko Nungwi, nami niwe nakwenda mkutanoni asubuhi na kurudi jioni. Wenzangu ofisini wanasema huko ni kuchanganya mali ya serikali na mambo ya nyumbani. Je, ni kosa? Na kama si kosa, nipange vipi? — *Mama wa wawili, Dodoma*

JIBU: Dada yetu, kufuatana na familia katika safari ya kazi si kosa, mradi fedha za ofisi zisimlipie mtu ambaye ofisi haikumtuma na siku zako za mapumziko zisihesabiwe kuwa siku za kazi. Tusilolipendekeza ni huo mpango wa kwenda nao tangu siku ya kwanza na kulala Nungwi.

Tuanze na ofisi, kwa sababu hapo ndipo wenzako wana hoja. Kongamano likiisha Ijumaa, nawe ukataka kubaki kisiwani hadi Jumatano inayofuata, omba likizo ya siku hizo kwa maandishi kabla hujasafiri, na barua ya kukubaliwa ubaki nayo. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mfanyakazi wa Tanzania Bara likizo ya mwaka isiyopungua siku 28, kwa hiyo unachoomba ni sehemu ya haki yako na hakuna sababu ya kukifanya kwa kujificha. Faida ya barua hiyo haiishii kwenye kuepuka maswali ya mkuu wako wa idara. Fidia kwa wafanyakazi hutolewa kwa ajali au ugonjwa uliotokana na kazi. Mtu akiteleza kwenye ngazi za ukumbi wa mkutano yuko katika hali moja, na akiteleza kwenye mashua siku ya Jumapili akiwa na wanawe yuko katika hali nyingine kabisa. Ni vyema tarehe zionyeshe wazi kazi iliishia wapi.

Kuhusu fedha, posho yako ni ya siku za kongamano na za njiani, basi. Kama ofisi ndiyo inayokukatia tiketi, mweleze mhasibu mapema kwamba utarudi siku chache baadaye, na ikiwa nauli ya tarehe hiyo ni kubwa zaidi, tofauti uilipe wewe. Tiketi za mume na watoto zikatwe peke yake, zenye risiti yake, hata kama mnapanda chombo kimoja, kwa maana risiti moja yenye majina manne ndiyo inayowasumbua watu wakati wa kurejesha masurufu, na mara nyingi haina ubaya wowote ndani yake isipokuwa uvivu wa kutenganisha.

Sasa mpango wenyewe. Nungwi iko ncha ya kaskazini ya Unguja, kiasi cha kilomita 60 kutoka mjini, na kwa gari ni mwendo wa saa moja na zaidi. Kikao kikianza saa mbili asubuhi, utaondoka watoto wamelala. Kikichelewa kufungwa, utarudi wamelala tena. Mume wako atakuwa peke yake na watoto wawili mbele ya bahari asiyoizoea, nawe utakuwa ukumbini ukiiangalia simu badala ya kumsikiliza mtoa mada. Tunaamini kwa dhati kwamba safari za namna hii huharibika kwa sababu ya zile siku ambazo mtu yuko nusu hapa na nusu kule, ambapo mwajiri hapati mjumbe kamili na watoto hawapati mama kamili.

Pendekezo letu ni kwamba utangulie peke yako Jumanne, ulale karibu na ukumbi, na familia ije kongamano linapofungwa. Tangu treni ya umeme ya reli ya kisasa ianze safari za Dodoma mwaka 2024, safari hii imekuwa nyepesi kwa mzazi mmoja mwenye watoto: wanaweza kuondoka Alhamisi, wakalala Dar es Salaam, kisha Ijumaa wakapanda boti ya mchana, ambayo huchukua muda wa saa mbili hivi. Utawapokea bandarini Malindi kazi ikiwa imekwisha. Wote wabebe vitambulisho, na watoto vyeti vyao vya kuzaliwa.

Jambo moja msilidharau: Juni ni mwezi wa kusi, na upepo huo ukishika kasi, mkondo kati ya Bara na Unguja huchafuka kweli. Watoto wale chakula chepesi kabla ya safari, wakae katikati ya boti au kuelekea nyuma, sehemu ya chini, ambako mtikisiko hupungua, na dawa ya kuzuia kichefuchefu wapewe kwa ushauri wa mfamasia kabla ya kupanda, kwa kuwa mtu akishaanza kutapika dawa hiyo haimsaidii sana.

Usiku wa Ijumaa laleni mjini. Mji Mkongwe, ambao uliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2000, unatembeleka kwa miguu, na watoto watafurahia Forodhani jioni, wakati wachuuzi wanapowasha taa na kupanga meza za mishikaki, urojo na juisi ya miwa. Beit al-Ajaib, lile jumba la kale la masultani, mtaitazama kwa nje tu, kwani sehemu yake iliporomoka Desemba 2020, lakini Ngome Kongwe iko jirani yake. Jumamosi asubuhi kodini mashua hadi kisiwa cha Changuu, mwendo wa nusu saa hivi, mkawaone kobe wakubwa ambao asili yao ni Shelisheli. Mtoto wa miaka mitano akimlisha majani kobe aliyeishi miaka mingi kuliko babu yake hatahitaji maelezo ya mtu mzima.

Baada ya hapo ndipo muende Nungwi au Kendwa, na hapa uchaguzi wako wa kaskazini ulikuwa mzuri. Kusi huvuma kutoka kusini na kusini-mashariki, kwa hiyo fukwe za kaskazini-magharibi huwa zimekingika, na maji yake hayakupwi mbali, hivyo watoto wanaweza kuoga karibu saa zote. Pwani ya mashariki, yaani Paje, Bwejuu na Jambiani, mambo ni tofauti: maji yakitoka, bahari huhama hadi karibu na mwamba na kuacha uwanda mpana wa mchanga na madimbwi. Wageni wengi hulalamika kwamba wamelipia bahari wasiione, na lawama hiyo wangeiepuka kwa kuuliza mwezi una siku ngapi. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu ndipo linapokuja bamvua, yaani maji kujaa na kupwa kupita kawaida, na Unguja wakati wa bamvua maji hukupwa sana mnamo saa nne asubuhi na kujaa tena alasiri. Siku hizo ni nzuri mno kwenda mashariki kutembea, kwani ndipo wakulima wa mwani, wengi wao wanawake, wanapoingia kwenye mashamba yao. Kilimo hicho kilianza kibiashara mwaka 1989, na mtoto wa miaka tisa anaweza kueleweshwa kwamba kamba zile zilizotandazwa mchangani ni shamba kama lilivyo la mahindi kule kwenu. Wavae viatu vya maji, maana miamba ina viumbe wenye miiba mirefu, na wasikanyage kamba za watu. Mkienda huko, piteni msitu wa Jozani mkawaone kima punju, ambao hawapatikani kwingineko duniani isipokuwa visiwani Zanzibar.

Ikiwa mumeo hawezi kusafiri peke yake na watoto, basi nendeni pamoja, lakini laleni wote mjini siku zote za kongamano na ufukwe muuache mpaka Jumamosi. Mjini kuna viwanja vya kufurahishia watoto vya Kariakoo, kuna Forodhani, na wewe uko karibu kiasi cha kula nao chakula cha usiku. Na jambo la mwisho kwenu: mnapopita vijijini na mitaani vaeni nguo za heshima, na nguo za kuogea zibaki ufukweni.

SWALI: Mhariri, mke wangu ni mhadhiri na hualikwa mara kwa mara kwenye makongamano. Safari iliyopita tulifuatana, nami nikabaki hotelini na watoto huku yeye akirudi usiku, amechoka, na tukagombana mbele ya watoto. Sasa amealikwa Zanzibar na anataka twende tena. Nimwambieje kwamba sitaki kwenda kwa namna ile, bila kuonekana kwamba naionea wivu kazi yake? — *Baba watoto, Mombasa*

JIBU: Ndugu yetu, mwambie hivyo hivyo ulivyotuandikia, lakini mwambie mkiwa nyumbani na ratiba ya kongamano iko mezani. Ratiba nyingi hutolewa wiki kadhaa kabla. Mwombe akuonyeshe vikao asivyoweza kuvikosa, yaani kile anachowasilisha mada na vile vinavyohusu utafiti wake, na vile anavyohudhuria kwa sababu tu vipo. Katika hivyo vya pili atafute alasiri moja ambayo itakuwa ya familia, naye aiandike kwenye kalenda yake kwa uzito ule ule wa kikao. Usiku wa kuamkia siku ya kuwasilisha mada mwachie apumzike, na watoto uwalaze wewe. Nawe pia upewe angalau nusu siku ya kwako baada ya kongamano, watoto wakiwa na mama yao, ukae baraza ya kahawa au uende ukavue, kwa kuwa kulea watoto siku nne katika chumba cha hoteli ni kazi, na anayeifanya anastahili kushukuriwa kwa maneno na kwa muda. Hakuna wivu wowote katika kudai hilo.

Kwa kuwa mnatoka Kenya, hakikisheni kila mtoto ana hati yake ya kusafiria na kadi ya chanjo ya homa ya manjano; na kama mama atatangulia, wewe ukafuata na watoto, beba barua yake ya ridhaa pamoja na vyeti vya kuzaliwa.

SWALI: Mwajiri wangu amenilipia chumba cha hoteli ambacho kina kitanda cha watu wawili. Mke wangu akija kulala humo, je, nimemwibia mwajiri? — *Msomaji, Mwanza*

JIBU: La, ikiwa gharama ya mwajiri haijaongezeka hata kidogo na amejulishwa. Hoteli nyingi hutoza zaidi chumba kinapokaliwa na watu wawili, hasa kwa sababu ya kifungua kinywa, kwa hiyo uliza bei ya mtu mmoja na ya watu wawili unapofika mapokezi, ulipe tofauti hiyo papo hapo kutoka mfukoni mwako, na uombe ankara mbili. Ukiambiwa hakuna tofauti, iombe hoteli iandike hivyo kwenye ankara ya mwajiri, nawe uiambatanishe na marejesho yako.