Mhimili wa nne usio katika Katiba

SWALI: Ndugu Mhariri, vyombo vya habari huitwa mhimili wa nne wa dola. Hapa stendi ya Moshi tunasoma vichwa vya habari kwa kusimama, mikono nyuma, mpaka muuzaji anatufukuza. Gazeti liliandika habari ya mfereji wa mtaani kwetu uliobomoka, na diwani akacheka tu. Nguvu hiyo iko wapi?
Msomaji, Moshi

JIBU: Ndugu msomaji, Katiba yetu ya mwaka 1977 inataja mihimili mitatu tu, huo wa nne ni jina la heshima, nasi waandishi hulipenda kupita kiasi. Gazeti haliamuru. Linachoweza ni kulifanya jambo lisemwe mpaka mwenye mamlaka ashindwe kulinyamazia.

Mwaka 2008 Edward Lowassa, mbunge wa Monduli, alijiuzulu uwaziri mkuu kufuatia ripoti ya kamati teule ya Bunge kuhusu mkataba wa umeme wa dharura wa kampuni ya Richmond, huku akikana kutenda kosa. Magazeti yalikuwa yameliandika suala hilo kabla ya hapo, lakini hayakuwa na uwezo wa kumwita shahidi hata mmoja na kumwapisha. Kamati ilikuwa nao. Habari isiyopata wa kuipokea, awe Bunge, mahakama au mpiga kura, hubaki karatasi ya kufungia maandazi.

Hata hivyo, ukitaka kupima nguvu ya gazeti, tazama juhudi za kulidhibiti. Sheria ya Huduma za Habari ya mwaka 2016 ilifika hadi Mahakama ya Afrika Mashariki, hapo jirani Arusha, ambayo tarehe 28 Machi 2019 iliamua kwamba vifungu vyake kadhaa, vikiwemo vya uchochezi na kashfa, vinakiuka Mkataba wa Jumuiya. Hakuna anayejisumbua kutunga adhabu kwa ajili ya kitu kisicho na uzito.

Wala usiwadharau wasomaji wa kusimama, ingawa muuzaji ana haki ya kununa. Kichwa cha habari kilichosomwa bure asubuhi ndicho kinachobishaniwa jioni ndani ya daladala ya Kiboriloni, na diwani naye ana jamaa humo. Kuhusu mfereji, vikao vya baraza la madiwani huwa wazi kwa wananchi: kata kipande hicho cha gazeti, nendeni wengi, mkakae pale anapowaona.