Jirani kwanza, mwenye fedha baadaye

Swali lenu la wiki limenikuta juu ya ngazi. Mmeuliza: "Mataifa makubwa yakishindana, nchi zinazopakana zifanye nini ili zijenge amani kati yao?" Mimi ni fundi umeme wa nyumba, ninaishi Kadutu, mtaa wa Bukavu, mashariki mwa Kongo. Siku hiyo nilikuwa nafunga waya kwenye dari ya mama mmoja muuza makaa. Nilisoma swali hukohuko juu, nikamaliza kazi, nikalitafakari njia nzima nikishuka kuelekea Nyawera.

Najua majibu mengi mtakayopokea yataanza na tembo wawili na nyasi. Methali hiyo sina ugomvi nayo, ila imetuzoesha vibaya. Nyasi kazi yao ni kungoja tembo wachoke. Sisi tuna mikono, na nitawaeleza kwa kitu ninachokishika kila siku kwa koleo.

Hapa kwetu umeme tunauita "kura", Kifaransa kilichopita kwenye ulimi wetu kikatoka hivyo. Mgeni kutoka Tanzania akisikia mtaa mzima unalalamika kwamba kura imepotea, hudhani ni mambo ya uchaguzi. Basi kura yetu hii hutoka Rusizi. Mto huo unaanzia Ziwa Kivu, palepale mjini kwetu, unateremka karibu mita 700 hadi kufika Ziwa Tanganyika. Ukisimama ukingoni, huku ni Kongo, ng'ambo ni Rwanda, na ukiufuata chini utaikuta Burundi.

Mwaka 1976, kule Gisenyi, Rwanda, marais wa wakati huo, Mobutu, Habyarimana na Micombero, walitia saini kuanzisha jumuiya ya nchi hizo tatu, ile CEPGL ambayo wazee wa mpakani bado wanaikumbuka kwa vibali vyake vya kuvukia. Mwaka 1983 nchi hizo zikaunda kampuni moja ya umeme, SINELAC, ofisi yake ikawekwa Bukavu. Mwaka 1989 kituo cha Rusizi ya Pili kikaanza kuzalisha, megawati zipatazo 44, mali ya nchi tatu kwa pamoja. Juu yake kuna Rusizi ya Kwanza, iliyojengwa na Wabelgiji mwishoni mwa miaka ya 1950, nayo ni ya Kongo.

Hapo ndipo fundi anapoona jambo ambalo mwanasiasa hulipita. Maji ni yaleyale. Yakishatoka ziwani yanapita kwanza kwenye mitambo ya Kongo, halafu yanateremka kwenye mitambo ya wote watatu. Mlango wa juu ukifungwa, wa chini anabaki na mawe makavu. Ukiachiwa ovyo, ziwa linashuka, na bandari za Goma na Gisenyi zinalalamika. Kwa hiyo marais wanaweza kutukanana redioni asubuhi hadi jioni, lakini mtu wa mlango wa juu na mtu wa mlango wa chini hawana budi kuambiana ni maji kiasi gani yanakuja.

Kuna na takataka, samahani kwa kuchafua meza. Mvua ikinyesha, chupa za plastiki kutoka vilima vyetu, na za wenzetu wa ng'ambo vilevile, huingia ziwani, upepo na mkondo huzisukuma hadi kwenye bwawa la Rusizi ya Kwanza, zinaziba mitambo, na watu wanazamia kuzitoa. Chupa niliyoitupa mimi Kadutu inaweza kumzimia taa mtu wa Uvira, mji wetu ulio chini kwenye Ziwa Tanganyika. Haionyeshi kitambulisho mpakani.

Binti yangu ana ulimi wa wembe. Nilipomsomea sehemu hii alinikata: "Papa, hiyo Rusizi ilizuia vita gani?" Hakuna. 1996 vita vilipita hapa. 1998 vikapita tena. Februari 2025 mji wetu ukabadilisha mikono, na tangu hapo mtu mwenye akili hachagui maneno tu, anachagua na saa ya kuyasema. CEPGL yenyewe iligandishwa kuanzia 1994, ikaja kufufuliwa 2007, na nguvu za zamani haikuzipata tena. Sitaki kuwauzia bwawa kama dawa ya vita.

Nilimjibu hivi. Mitambo haikuzuia vita, lakini vita havikuivunja kampuni. Kila moshi ulipotulia, palikuwa na kitu kimoja kilichobaki ambacho hakikuhitaji kuanzishwa upya: hesabu ya pamoja, deni la pamoja, mafundi wanaojuana kwa majina. Kuanza na kitu ni rahisi kuliko kuanza na hewa. Hakuridhika. Akanitajia mkataba wa India na Pakistan wa kugawana maji ya mto Indus, uliotiwa saini 1960, ukavuka vita vya 1965 na vya 1971, halafu Aprili 2025 India ikatangaza kuusimamisha. Ana haki. Vitu hivi hufa visipotunzwa. Lakini miaka 65 ya mashamba kupata maji siiiti kushindwa.

Sasa niingie kwenye wakubwa, maana ndio mliowaulizia. Shida yangu na wakubwa haiko kwenye kuja kwao. Watakuja tu; tuna koltani, dhahabu, na ndugu zetu wa Lubumbashi na Kolwezi wana shaba na kobalti ambayo Mchina ameishika na Mmarekani anaitamani. Shida yangu ni nani anaitwa kwanza.

Tazameni reli ya TAZARA. Nyerere na Kaunda walitaka njia ya kupeleka shaba ya Zambia baharini bila kupita kwa walowezi wa Rhodesia. Walikubaliana wao wawili kwanza. Wakaenda nchi za Magharibi, Benki ya Dunia ikasema mradi hauna faida. Wakaenda China, ikakubali 1967, ikatoa mkopo usio na riba, na kati ya 1970 na 1975 zikalazwa kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi. Na wakati Mchina akilaza reli, Mmarekani akachangia barabara ya lami kwenye njia hiyohiyo! Ushindani wa wakubwa ukawaletea reli na barabara, kwa sababu wao wenyewe walikwisha kujua wanataka kwenda wapi. Reli ile baadaye ilichakaa, najua, na sasa wakubwa wanashindana tena kwa reli za shaba, Mchina kwa hii ya Dar es Salaam, Mmarekani kwa ile ya Lobito, Angola. Lakini mwanzo wake ulikuwa sahihi.

Hata Ulaya ilianza hivyo. Ufaransa na Ujerumani, miaka sita tu baada ya kuuana, ziliweka makaa ya mawe na chuma chini ya mamlaka moja mwaka 1951, pamoja na Italia na nchi tatu ndogo. Mmarekani aliwaunga mkono kwa kuwa alimwogopa Mrusi. Wao walichukua hofu ya mwingine wakaifanyia kazi yao. Sisi huku hofu ya mwingine hutumalizia kazi.

Linganisheni na yetu. Tarehe 27 Juni 2025 mawaziri wa Kongo na Rwanda walitia saini mkataba wa amani Washington. Tarehe 4 Desemba marais wenyewe wakaenda kuuthibitisha. Tarehe 10 Desemba Uvira ikaingia mikononi mwa M23, kundi lenye silaha. Sisemi mkataba ni bure; mtu aliyelala chini ya kitanda akisikia risasi hachagui nani wa kumpatanisha. Na haki niitoe: ndani ya yaliyozungumzwa Washington, umeme wa maji umo, hifadhi za wanyama zimo, pamoja na madini. Ila Burundi haikuwa upande wa mkataba ule, na Uvira inatazamana na Bujumbura. Mwenye theluthi ya Rusizi ya Pili hakuwa mtia saini. Fundi hawezi kufunga nyaya tatu kwa kuunganisha mbili na kuacha moja ikining'inia, halafu ashangae cheche.

Kwa hiyo jibu langu ni hili. Nchi tatu zikae zenyewe, hata kwa uso wa kukunja, zikubaliane vitu vitatu au vinne vidogo ambavyo hakuna anayeweza kuvifanya peke yake: kina cha ziwa, takataka, saa za kufungua mpaka, na Rusizi ya Tatu. Hii ya mwisho imekuwa ikisemwa tangu watoto wangu wakiwa shuleni. Iliwahi kupangwa kwa megawati 147, sasa wanasema 206, na wafadhili kama Benki ya Dunia na Benki ya Maendeleo ya Afrika wamo. Mkubwa yeyote akija na mkoba, Mmarekani, Mchina, Mzungu wa Brussels au Mwarabu wa Doha, aonyeshwe orodha ileile katika miji mikuu yote mitatu. Akitaka madini, kwanza achangie mto.

Saa za mpaka mnaweza kuziona ni jambo dogo. Muulizeni mwanamke anayevuka kwenda Kamembe, ng'ambo Rwanda, na mawese au vitenge na kurudi na nyanya. Mpaka ukifungwa mapema kwa saa tatu, nyanya zake zinalala barabarani na watoto wanalala na njaa. Mpaka ukifungwa mwezi mzima, anaanza kuamini kila anachoambiwa kuhusu watu wa ng'ambo. Hata sambaza tunazokula, wale samaki wadogo, hazikuzaliwa Kivu. Zililetwa kutoka Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950, na leo wavuvi wa pande zote mbili wanazifuata usiku kwa taa, mitumbwi mitatu imefungwa pamoja kwa miti.

Mtasema wakubwa hawawezi kamwe kuchangia kitu kimoja bila kuviziana. Wameweza. Mwaka 1958 Mrusi alikwenda kwenye mkutano wa afya duniani uliofanyika Minneapolis, ndani ya Marekani yenyewe, katikati ya Vita Baridi, akapendekeza ndui ifutwe duniani. Mrusi akatoa chanjo kwa wingi, Mmarekani akatoa wataalamu na fedha, na 1980 ikatangazwa kwamba ndui imekwisha. Virusi havina chama. Aina mpya ya mpox, homa ya nyani, ilipoonekana Kamituga mwaka 2023, si mbali na sisi, ilifika Burundi, Rwanda, Uganda na Kenya ndani ya mwaka mmoja. Hapo hakuna aliyeuliza nani rafiki wa Washington na nani rafiki wa Beijing.

Nirudi kwenye ngazi yangu. Nilipomaliza siku ile, taa ikawaka, yule mama muuza makaa akaitazama kwa shaka na kuniuliza kura hii inatoka wapi. Nikamwambia Rusizi. Akauliza, "Upande wetu ao upande wao?" Nikamwambia maji yanapita katikati. Akanilipa nusu, akasema nusu nyingine nije kuichukua Jumamosi.

Fundi umeme, Kadutu, Bukavu