Jibu likishapatikana, simamisha mnyororo

Vijana wanaojifunza kuandika programu hapa Mbeya huniuliza kwa nini msimbo wao, ulionyooka vizuri kwa `filter` (huchuja orodha) na `map` (hubadilisha kila kipengele), unajikokota faili likiwa kubwa. Mara nyingi tatizo ni kwamba mnyororo, yaani hatua hizo zilizounganishwa moja baada ya nyingine, hauna pa kusimama.

Chukua rekodi za mizani ya parachichi kutoka Rungwe, kazi ninayoishika mara kwa mara. Kabla ya malipo nataka kujua kama kuna mzigo hata mmoja usio na namba ya mkulima. Tuseme mistari ni 300,000 na kasoro iko kwenye mstari wa 40. Kwa JavaScript, `mizigo.filter(hainaNamba)[0]`, ambapo `hainaNamba` hukagua kama mzigo hauna namba, italeta jibu sahihi, ila baada ya kupitia mistari yote. `mizigo.find(hainaNamba)` huishia hapo hapo kwenye wa 40. Ukitaka ndiyo au hapana tu, `some` inatosha.

Sasa angalia kilichotangulia. Ukiweka `map` kabla ya `find`, `map` hiyo itajenga orodha nzima kwanza, ndipo `find` ianze kazi. Ndiyo maana napenda mnyororo wa kuvuta, ambao kila hatua hungoja iombwe mzigo mmoja mmoja. Kwa hilo Python ina jenereta, Java ina `Stream` tangu toleo la 8 la mwaka 2014. Anayevuta mwishoni akitosheka, hatua za nyuma hazifanyi kazi tena. Lakini usipachike `sorted` katikati: kupanga kunalazimisha kusoma data yote, upende usipende.

Kujumlisha kilo mpaka lori lijae ni kesi nyingine. `reduce` ya JavaScript, inayokusanya orodha nzima kuwa jibu moja, haisimami njiani. Lugha ya Clojure ina `reduced` ya kuisimamisha. Nimeona watu wakirusha kosa makusudi ili watoke ndani ya `reduce`. Tafadhali usifanye hivyo. Andika lupu ya `for` yenye `break`, atakayekuja kuisoma ataelewa mara moja.

Jambo ninalolihofia zaidi ni `takewhile`, inayochukua vipengele mpaka sharti livunjike kwa mara ya kwanza. Ukiambiwa "chukua mizigo ya Machi", nayo rekodi zimeunganishwa kutoka vituo kadhaa bila kupangwa kwa tarehe, itakata kwenye mzigo wa kwanza wa Aprili. Mizigo ya Machi iliyo chini yake itapotea bila onyo lolote, na kuna mkulima atakayepunjwa. Kama huna hakika na mpangilio wa tarehe, tumia `filter` na uvumilie muda wake.