Banjo ya Kiayalandi kwa anayeanza: mkono wa kulia ndio wenye kazi

Kabla hujatoa hela dukani, hesabu nyuzi. Ziwe nne. Banjo ya nyuzi tano, ile ambayo uzi mmoja ni mfupi na unaanzia katikati ya shingo, ina muziki wake wa Kimarekani na mafunzo yake hayatakufaa huku. Unayoitafuta ni banjo ya tenori. Muuzaji atakuuliza kama unataka ya freti 17 au 19, yaani vile vijiti vya chuma vilivyopangwa kukatiza shingo. Ya 17 ina shingo fupi na vidole vinafika bila kutanuliwa, ya 19 ina sauti iliyojaa zaidi kwenye nyuzi nene. Mwenye kiganja kidogo achukue ya 17 bila kuona haya.

Angalia pia imefungwa nyuzi gani. Nyingi hutoka kiwandani na mpangilio wa sauti wa C-G-D-A, wa bendi za jazi za zamani. Sisi tunapiga G-D-A-E, oktava moja chini ya fidla, yaani nota zilezile kwa sauti nzito zaidi. Ukizilegeza tu zilizopo, zitacheza kama kamba ya kuanikia nguo, kwa hiyo nunua seti nene iliyotengenezwa kwa mpangilio huo. Aliyeueneza kuliko wote ni Barney McKenna wa Dublin, mpigaji wa The Dubliners, kundi lililoanza mwaka 1962. Faida ya mpangilio huu utaiona haraka: vidole vinakaa palepale vinapokaa kwenye fidla na mandolini, hivyo mwalimu wa fidla anaweza kukufundisha tuni nzima, yaani kipande kizima cha muziki, hata kama hajawahi kushika banjo.

Jambo moja la ufundi ambalo wengi hawaambiwi ni kwamba daraja la banjo, kile kibao kidogo kinachobeba nyuzi, halikugundishwa. Limekaa juu ya ngozi iliyowambwa kama ya ngoma, kwa kubanwa na nyuzi tu, na likisogea kidogo, banjo nzima inaimba kombo. Gusa uzi kwa wepesi juu ya freti ya 12 upate ile sauti ya kengele, kisha ukandamize hapohapo na upige. Sauti mbili zilingane. Ya kukandamiza ikiwa juu, sogeza daraja nyuma, mbali na shingo. Ikiwa chini, lilete mbele. Fanya hivyo kila unapobadilisha nyuzi. Na kama mwangwi wake unawakera majirani, chomeka soksi nyuma ya ngozi, kati yake na fimbo inayopita ndani. Hata wapigaji wakubwa wanafanya.

Sasa kazi yenyewe. Wanafunzi wapya wote hutazama mkono wa kushoto, kwa sababu ndiko vidole vinakokimbia. Mimi hutazama wa kulia. Banjo sauti yake inakufa mara tu uzi ukishapigwa, haina upinde wa kuivuta kama fidla, kwa hiyo mdundo wote unatoka kwenye piki, kile kibapa kidogo cha kupigia nyuzi. Chukua piki ya nailoni, laini, ya milimita 0.6 hadi 0.75 hivi. Ishike kwa gumba na ubavu wa kidole cha shahada, itokeze ncha tu. Aliyewahi kupiga udi kwenye taarabu ana pa kuanzia.

Rili na jigi ni aina mbili za tuni za kuchezea dansi. Rili ni rahisi kueleza: chini-juu, chini-juu, bila kukatika. Jigi ndiyo inayowaangusha watu. Nota zake ni sita katika mafungu mawili ya tatu, na piki inakwenda chini-juu-chini, chini-juu-chini. Yaani kila fungu linaanza kwa kushuka, na katikati pana mishuko miwili inayofuatana. Mkono wa mgeni hautaki. Unataka kupanda na kushuka kwa zamu tu, matokeo yake fungu la pili linaanza kwa kupanda, uzito unapotea, na hakuna mtu atakayeweza kucheza miguu yake hapo. Piga uzi mmoja mtupu, D, bila mkono wa kushoto kabisa, huku ukihesabu kwa sauti, mpaka mishuko ile miwili isikushtue tena. Inachosha, najua.

Tripleti, zile nota tatu za haraka zinazoipa banjo hii ladha yake, zije baadaye. Ni chini-juu-chini, kwa kifundo cha mkono, si kiwiko. Ukisikia misuli imekaza, umeshakosea, punguza spidi.

Nyie mnaoanza kufundisha, msianze na karatasi. Muziki huu umepita kwa masikio vizazi na vizazi. Tuni kwa kawaida ina sehemu mbili, kila moja vipimo 8 (vipande vidogo vya mdundo) vinavyorudiwa, jumla 32. Piga vipimo viwili, mwanafunzi aviimbe kwa mdomo kwanza, la-la-la inatosha, kisha avitafute mwenyewe shingoni. Mwache apapase. Wape tuni tupu bila mapambo, na waondoke na rekodi mbili, ya polepole na ya spidi ya kawaida.

Wapo ndugu zetu wanaouliza Mwafrika anatafuta nini kwenye chombo cha Wazungu. Babu wa banjo alivuka bahari na watu waliotekwa utumwani kutoka Afrika Magharibi. Akonting, chombo cha nyuzi cha Wajola wa Senegambia, bado inapigwa, na undugu unaonekana kwa macho. Huko Ayalandi banjo ilifika katika miaka ya 1840, na waigizaji wa Kimarekani waliojipaka weusi usoni. Mwenye deni hapo si sisi.

Utakapokwenda kwenye sesheni, kile kikao cha wapigaji kwenye baa, kumbuka banjo ina kelele kuliko karibu kila kitu mezani. Kaa pembeni, sikiliza. Tuni usiyoijua usiitafute kwa kudonadona nyuzi wenzako wakiwa wanapiga. Omba ruhusa kabla ya kurekodi. Siku wakikugeukia na kusema anzisha wewe, chagua unayoijua hadi usingizini, na uanze taratibu, maana kwa kelele ya chombo chako hakuna atakayeweza kukurudisha nyuma ukishakimbia.